Majilio ni zamu: kukesha bila kuchoka, kutumaini bila kujidanganya

Katika Mathayo 24:43, Biblia ya Kiswahili ya Union Version ina neno moja ambalo masikio yetu hulipita haraka: "kama mwenye nyumba angaliijua ile zamu mwivi atakayokuja, angalikesha." Zamu. Mlinzi wa getini analijua neno hilo. Nesi wa wodi ya wazazi analijua. Aliye zamu ana saa ya kuingia na saa ya kutoka, ana kazi iliyotajwa, na ana mwenzake atakayekuja kumpokea. Anakesha kwa sababu kuna watu wamelala wakimtegemea.

Familia nyingi zingeona wepesi katika Majilio, kipindi cha Dominika nne za kungoja Noeli, kama zingeanzia hapo. Watu huingia Dominika ya kwanza na maazimio mazito: rozari nzima kila usiku, kufunga, kusoma Isaya yote, kudamka kila siku kwenda Misa. Kufika Dominika ya pili wamechoka, wanajilaumu, na mishumaa imerudi kabatini. Si kwamba ni wavivu. Walijipangia zamu zote nne, kila mtu peke yake.

Zamu hizo nne Marko anazitaja moja moja katika 13:35: jioni, usiku wa manane, awikapo jimbi (yaani jogoo), asubuhi. Ndivyo Warumi walivyougawa usiku wa ulinzi. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji hesabu ya ziada, maana saa zetu nazo huanza jua linapozama: saa 12 jioni hadi saa 3, saa 3 hadi saa 6, saa 6 hadi saa 9, saa 9 hadi saa 12 asubuhi. Ziandike kwenye karatasi, uibandike ukutani, halafu mjiulize nyumbani kila zamu ina adui gani.

Zamu ya jioni adui wake ni kelele: runinga, simu, sufuria jikoni, watoto na madaftari yao. Lakini ndiyo zamu pekee ambayo watu wote wapo, kwa hiyo sala ya familia iwekwe hapa, kabla ya taarifa ya habari ya saa 2 na si baada yake. Baada yake nusu ya nyumba imeshasinzia.

Zamu ya pili ni ya simu kitandani na hesabu za madeni. Tumaini la watu wengi huvuja kwenye saa hizi. Ada ya Januari, kodi ya nyumba, majibu ya hospitali, vyote huonekana vikubwa maradufu taa ikizimwa. Usiamue jambo lolote zito saa hizo. Iwekee simu mahali pake nje ya chumba, na uwe na Zaburi ya 130 kichwani. Ina mistari 8 tu, na katika mstari wa 6 mwimbaji anarudia maneno yale yale mara mbili, kama mtu anayetembea kwenda na kurudi getini: nafsi yangu inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi.

Zamu ya jimbi ina watu wake tayari. Mama anayenyonyesha yuko macho. Mzee asiyepata usingizi yuko macho. Anayemuuguza mgonjwa yuko macho. Hawa msiwaongezee sala ndefu. Wapeni jina la mtu mmoja tu wa kumwombea wanapoamka, libadilike kila wiki. Wengi wao hudhani Majilio yanawapita kwa sababu hawawezi kwenda jumuiya, kumbe wao ndio wameshika saa ngumu kuliko wote.

Zamu ya mwisho, saa 9 hadi saa 12, ni ya wanaowahi kazini na ya wanaokwenda Misa ya alfajiri. Kuna desturi ya zamani ya Misa ya Majilio kwa heshima ya Bikira Maria, inayoadhimishwa gizani kwa mishumaa na kumalizika kukipambazuka. Inaitwa Rorate, kutokana na neno la kwanza la Kilatini la Isaya 45:8, pale nabii anapoziomba mbingu zidondoshe haki kama mvua. Paroko akikubali, hata kigango kidogo kinaweza kuwa nayo mara moja katika kipindi kizima. Kila mtu aje na mshumaa wake na kipande cha boksi chenye tundu katikati, ili nta isimchome mkono.

Kila mmoja nyumbani achague zamu moja. Moja inatosha.

Kalenda nayo ijulikane mapema, maana huwachanganya wengi. Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea. Kwa hiyo Dominika ya kwanza haiwezi kuwa kabla ya 27 Novemba wala baada ya 3 Desemba, na urefu wa kipindi ni kati ya siku 22 na 28. Mwaka 2023 kilikuwa kifupi kabisa: kilianza 3 Desemba, na Dominika ya nne ikaangukia tarehe 24, hivyo asubuhi watu walikuwa kwenye Majilio na jioni kwenye mkesha wa Noeli. Mwaka 2026 kinaanza 29 Novemba, siku 26, tukiingia Mwaka B (masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: A, B na C), na Injili ya Dominika ya kwanza ni hiyo hiyo ya Marko yenye bawabu na zamu zake nne. Wenzetu Walutheri na Waanglikana huanza Dominika ile ile, hivyo nyumba yenye ndoa ya mseto haina sababu ya kuwa na kalenda mbili.

Kipindi chenyewe kina sehemu mbili. Hadi tarehe 16 Desemba liturujia inamtazama Bwana atakayekuja kwa utukufu mwisho wa nyakati. Kuanzia tarehe 17 inageukia Bethlehemu. Anayeruka sehemu ya kwanza na kwenda moja kwa moja kwenye hori na kondoo hukosa mafundisho yote ya kukesha, kwa sababu yako huko.

Sasa shada la Majilio, duara la majani na mishumaa inayowashwa Dominika hadi Dominika. Asili yake ni Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini, na hao walichoka kuuliza Noeli itafika lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni akaweka mishumaa mikubwa 4 myeupe ya Dominika na midogo 20 myekundu ya siku za katikati. Hii ya mishumaa minne tunayoijua ilikuja baadaye. Hakuna sheria ya Kanisa inayosema lazima liwe la misonobari kutoka dukani, kwa hiyo lile la plastiki la bei mbaya unaweza kuliacha pale pale.

Tumia sinia la bati au sahani pana ya udongo. Mimina mchanga wenye unyevu, kina kama sentimita 5, ushindilie. Chomeka mishumaa minne kwa umbali wa kiganja kimoja kati ya mmoja na mwingine. Ikikaribiana, joto la mmoja huulainisha mwenzake ukapinda, hasa Dar es Salaam au Mombasa Desemba ilivyo. Mitatu iwe ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Dominika ya tatu. Usipopata, nunua minne meupe na ufunge utepe wa zambarau kuzunguka sinia. Usifunge karatasi wala kitambaa kwenye mshumaa wenyewe. Moto ukishuka utavifikia.

Kabla ya kununua, pima. Mkiwasha robo saa kila jioni kwa wiki nne kamili, mshumaa wa kwanza utawaka saa 7 kwa jumla, wa pili saa 5 na robo, wa tatu saa 3 na nusu, na wa nne usizidi saa 1 na dakika 45. Chukua mshumaa wa aina unayotaka, upime kwa rula, uwashe robo saa, upime tena. Zidisha ulichopungua kwa 28. Jibu likizidi urefu wa mshumaa, nunua wa akiba. Na zima feni wakati wa sala, maana upepo hulaza mwali upande mmoja, nta huchuruzika, na mshumaa huisha kabla ya siku zake.

Majani ndiyo yanayoleta hatari. Ya mvinje hupendeza siku ya kwanza, lakini baada ya wiki yamekauka na yanawaka kama karatasi. Yabadilishe kila Jumamosi, yawe chini ya ukingo wa sinia, mbali na mwali. Mahali penye masale, tumia masale. Majani yake ni mazito, hayakauki upesi, na Uchagani yana maana ambayo Majilio yanaihitaji: isale ni jani la amani na la kuomba msamaha. Desemba ndiyo mwezi ambao Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe, na ndiyo mwezi ambao ugomvi wa zamani wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, hukutana tena mezani. Jani la masale kwenye shada tangu Novemba, na jina la ndugu mliyekosana naye likitajwa kila jioni, ni maandalizi ya kweli kuliko nguo mpya za sikukuu.

Sala yenyewe iwe fupi. Mdogo kuliko wote awashe wiki ya kwanza, mtoto mkubwa ya pili, mama ya tatu, baba ya nne, au mpange mnavyopenda, mradi majina yaandikwe kwenye karatasi. Ishara ya msalaba. Mtu asome Injili ya siku, polepole. Kimya cha dakika 2 kamili. Pima kwa saa, kwa sababu bila saa watu huishia sekunde 20. Kisha swali moja tu, lile lile kila siku: leo Bwana amepita wapi tukamwona, na wapi tulikuwa tumelala? Asiye na jibu asilazimishwe. Baba Yetu, Salamu Maria, "Njoo, Bwana Yesu," mishumaa izimwe. Dakika 15 zimeisha. Ikizidi hapo, watoto wataanza kuichukia kabla ya Dominika ya pili.

Na aliyefiwa mwaka huu asipangiwe kusoma wala kuongoza. Akae tu. Wengine ndio wako zamu kwa niaba yake. Noeli ya kwanza bila mama au bila mtoto inauma tangu Novemba, na kumwambia mtu huyo "jipe moyo, Mungu ni mwema" ni kumkimbia. Wekeni picha ya marehemu karibu na shada, tajeni jina lake, mnyamaze.

Hili linatufikisha kwenye tumaini lenyewe, ambalo huchanganywa sana na kuwaza kwamba mambo yatanyooka yenyewe. Dominika ya tatu ya Mwaka A tunasomewa Yakobo 5, mkulima anayengoja mazao ya nchi na kuvumilia hadi ipatikane mvua ya kwanza na ya mwisho. Kwa mtu wa Iringa, Njombe au Mbeya, maneno haya yanasomwa wakati wake hasa. Mvua zao huanza kati ya Novemba na Desemba. Mwangalie mkulima huyo wiki moja kabla. Shamba limeshalimwa. Mbegu iko ndani, imetunzwa mbali na panya. Kamba ya kupimia mistari ipo, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Wapo wanaothubutu kupanda kwenye vumbi kabla tone la kwanza halijaanguka, mbegu ikifukiwa kama sentimita 5. Na aliye mzoefu hapandi mbegu yote. Anabakiza, kwa kuwa anajua mvua inaweza kuja siku mbili, ikakata wiki mbili, na kilichoota kikakauka. Akiba hiyo haimfanyi kuwa mtu wa imani haba. Ni mtu aliyeziona mvua nyingi, na bado anapanda. Anayekaa kibarazani akisema "Mungu ataleta," huku shamba lina magugu, mvua yake ikija itaotesha magugu.

Kwa hiyo mkisali, ombeni kitu mnachoweza pia kukilimia. Unaombea upatanisho na ndugu? Piga simu kabla ya Dominika ya pili. Unaombea kazi? Barua iandikwe. Kwa yale msiyoweza kuyagusa kabisa, kama ugonjwa usio na dawa, hapo mnabaki na Zaburi ya 130 na zamu zenu, na hiyo pia ni kazi.

Kuna makosa ambayo hujirudia kila mwaka. La kwanza ni kuiwahisha Noeli. Maduka huanza nyimbo na taa mapema, hilo hatuna uwezo nalo, lakini kanisani tunao. Mwongozo wa Misa ya Roma unataka maua ya altare yawe ya kiasi katika Majilio, na ala za muziki vilevile, ili furaha kamili ya Noeli isitangulizwe. "Utukufu kwa Mungu juu" hauimbwi Dominika zote nne. Unarudi tarehe 8 Desemba kwa Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kisha usiku wa Noeli. Kwaya ifanye mazoezi ya nyimbo za Noeli tangu Novemba, ni lazima, ila yabaki mazoezini. Ngoma zipungue, kayamba ipumzike. Watu wakizisikia tena usiku wa mkesha, watajua kitu kimetokea.

La pili ni kuigeuza Majilio kuwa Kwaresima nyingine. Zambarau inawadanganya wengi. Lakini Aleluya tunaendelea kuiimba, na Dominika ya tatu inaitwa Gaudete, yaani Furahini. Kanisa linakiita kipindi cha matazamio ya ibada na furaha. Punguza pombe, punguza simu, funga ukitaka, lakini usiinunishe nyumba.

La tatu ni baya zaidi, nalo ni la wanaotangaza tarehe. Masomo ya mwisho wa nyakati yakianza, hutokea mtu mwenye hesabu zake za lini dunia itaisha. Marko 13:32 inasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, ya watu walioripotiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kukesha ni pamoja na kuwalinda wenzako dhidi ya sauti kama hizo. Mhubiri akikutajia tarehe, akikukataza hospitali, akikutaka uuze shamba au uwatoe watoto shule kwa sababu Bwana anakuja, ondoka, na uwaambie wengine.

La nne Luka 21:34 inaliita masumbufu ya maisha haya, na linatajwa sambamba na ulevi. Desemba yetu imejaa hayo: nauli zinapanda, vipaimara, harusi, michango, kisha ada. Kaa chini Dominika ya kwanza na uandike matumizi yote hadi Januari, ada ikiwa mstari wa juu kabisa. Tiketi ya basi ikate mapema. Inaonekana si jambo la sala, lakini mtu aliye stendi tangu tarehe 22 bila tiketi hana nafasi moyoni ya kumngoja mtu yeyote.

Kitubio kiwe kabla ya tarehe 17. Wiki ya mwisho foleni ni ndefu, padre mmoja ana vigango kadhaa, na utapewa dakika mbili. Anayekwenda wiki ya pili anapata muda wa kuzungumza na kupata ushauri.

Kapu la Majilio liwe karibu na shada. Kila siku kitu kimoja: sabuni, robo ya maharage, kibiriti, chumvi, daftari. Watoto waweke wenyewe. Lifikishwe kwa wenye uhitaji Dominika ya nne na si siku ya Noeli mchana, ili nao wapike kwao kwa wakati wao, na mama wa nyumba ile apokee wageni kama wengine. Mpelekaji aende bila kamera.

Tarehe 17 hadi 23, kwenye Masifu ya Jioni, sala rasmi ya Kanisa ya jioni, huimbwa antifona (viitikio vifupi) saba, kila moja ikimwita Kristo kwa jina: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, Emanueli. Ukichukua herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini na kuzisoma kutoka mwisho, zinatoa *ero cras*, "kesho nitakuwapo." Nyumbani inatosha jina moja kila jioni, mtu alitamke, wote wajibu "Njoo." Ile ya tarehe 21, Mapambazuko, inafaa kusemwa nje, mkitazama mashariki, kama jirani hatashtuka.

Pango litengenezwe wiki hiyo, na hori libaki tupu. Ng'ombe, punda na wachungaji wakae mahali pao, Maria na Yosefu waje karibu, sanamu ya Mtoto Yesu isiwekwe. Mfungeni katika kitambaa safi na mumkabidhi yule aliyeshika zamu ya jimbi, bibi asiyelala au mama mwenye mtoto mchanga. Tarehe 24 saa 12 jioni Majilio yanakwisha kwa Masifu ya Jioni ya kwanza ya Noeli. Mkirudi kutoka Misa ya usiku, hata kama ni saa 8 na watoto wamebebwa mabegani, huyo aliyekabidhiwa ndiye amweke Mtoto horini.